Mabehewa ya reli ya zamani yasisubiri SGR ifike Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, limefunikwa na furaha yetu juu ya reli ya kisasa. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kufika Dodoma Julai 25 mwaka huohuo, kila mazungumzo ya reli nchini yamekuwa mazungumzo ya SGR: nauli zake, kasi yake, tiketi zake za mtandaoni, na ile treni yenye pua ndefu ambayo wananchi waliipa jina la Mchongoko. Sina ugomvi na SGR. Nimeipanda na nimeifurahia, na nilipoteremka Dodoma nilijikuta natafuta saa ukutani nikidhani yangu imesimama. Lakini mimi ni mkazi wa Tabora, na huku kwetu, kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma na Mpanda, treni ya abiria bado ni ile inayopita kwenye njia iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Hoja yangu ni moja. Mabehewa ya abiria ya reli hiyo ya zamani yanapaswa kubadilishwa sasa, kwa mabehewa mapya, kwa mkupuo mmoja, bila kungoja SGR imalizike.

Nilikuwa fundi wa mabehewa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitaanza na lile ninalolijua kwa mikono yangu. Kazi hiyo mtu hakuianza na spana. Aliianza na nyundo yenye mpini mrefu. Treni ikisimama stesheni, fundi hutembea ubavuni mwake kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho, akigonga kila gurudumu mara moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele, na mlio wake hubaki hewani kidogo. Lenye ufa, au lililolegea kwenye ekseli, hutoa sauti butu, kama chungu kilichopasuka. Baada ya kugonga, fundi huinama akatazama kama bloku za breki zimeisha, kama kuna jani la springi lililokatika, na kama grisi imevuja kwenye kisanduku cha beringi. Usiku kazi hii hufanywa kwa tochi na kwa masikio, na masikio ndiyo hutangulia. Abiria aliyelala daraja la pili akisikia mlio wa nyundo chini ya kitanda chake hujigeuza upande wa pili na kuendelea na usingizi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Sasa, nyundo hiyo inaeleza habari za gurudumu, lakini haielezi umri wa behewa. Behewa la abiria hupangiwa kuishi miaka 30 hadi 40, na baada ya hapo uchakavu wake huhamia mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Kutu hula chuma cha sakafu kuanzia chini ya vyoo na chini ya matangi ya maji, kwa sababu huko ndiko unyevu hushinda mwaka mzima. Fremu inayobeba magurudumu huchoka kwa kupinda na kunyooka mara mamilioni, mpaka siku moja hutoa ufa mwembamba kama unywele katika kona iliyochomelewa. Ufa huo huchomelewa upya, na pembeni ya mchomeleo mpya hutokea ufa mwingine. Wakati huohuo kiwanda kilichotengeneza behewa lile kimeshabadilisha mitindo yake mara mbili au tatu na hakitoi tena vipuri vyake, hivyo behewa moja bovu hugeuzwa ghala la vipuri vya mabehewa mengine. Fundi hodari anaweza kuliendesha behewa la namna hiyo kwa miaka kadhaa zaidi, na wapo mafundi hodari sana katika karakana zetu. Ila kila mwaka unaoongezwa hugharimu zaidi ya ule uliotangulia, na idadi ya mabehewa yaliyo tayari kuingia njiani asubuhi hupungua polepole bila mtu kutangaza kwamba yamepungua.

Na kadiri yanavyopungua ndivyo tunavyoyaongezea kazi. Huduma ya abiria ilirudishwa hadi Moshi Desemba 2019 na hadi Arusha Oktoba 2020, baada ya miaka mingi ya njia ile kulala. Lilikuwa jambo jema mno, na watu wa kaskazini walilipokea kwa shangwe, lakini kila treni inayokwenda kaskazini inahitaji mabehewa ya geji ileile, yaani upana uleule kati ya reli na reli, inayohitajiwa Kigoma, Mwanza na Mpanda.

Najua jibu ninaloweza kupewa: vumilieni, SGR inakuja. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, chenye urefu wa kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na ni kweli kwamba kazi kubwa inafanyika katika mradi mzima. Mimi si mtu wa kubeza. Hata hivyo, kati ya siku mkataba unaposainiwa na siku abiria wa kwanza anapokata tiketi kuna tuta la kujenga, madaraja, nguzo za umeme, mitambo ya ishara na majaribio, na katika miaka yote hiyo mama wa Nguruka ataendelea kusafiri kwa treni ile ile aliyosafiria mama yake. Zaidi ya hilo, hata SGR itakapofika Kigoma haitachukua nafasi yote ya reli ya zamani. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro SGR ina stesheni sita tu, nazo ni Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro, kwa sababu treni ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kusimama kila kijiji na ikabaki kuwa treni ya kilomita 160 kwa saa. Njia ya zamani ilijengwa wakati injini za mvuke zilipohitaji maji kila baada ya mwendo mfupi, na vijiji vikaota kuizunguka kila stesheni. Usoke, Usinge, Malagarasi na Kazuramimba ni majina ambayo wasomaji wako wengi wa Dar es Salaam huenda wameyasikia tu katika taarifa za hali ya hewa, lakini kwa watu wanaoishi huko treni ndiyo barabara, hasa wakati wa masika.

Tena kuna tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ambalo halijajengewa SGR. Kwa miaka mingi mabehewa ya Mpanda yamekuwa yakiondoka Dar es Salaam pamoja na ya Kigoma na Mwanza katika treni moja, kisha treni ikakatwa Tabora, nyingine ikashika njia ya Mwanza na nyingine ya Kigoma, na hii ya Kigoma ikaacha kipande chake Kaliua. Ni utaratibu mzuri unaookoa vichwa vya treni, lakini una udhaifu wake: behewa moja likiharibika katika treni ya pamoja, linachelewesha mikoa mitatu.

Wako pia wanaodhani kwamba SGR ikipata treni nyingine mpya, zile za mwanzo zitashushwa zije kutumika kwenye reli ya zamani, kama mtoto wa pili anavyorithi shati la kaka yake. Haiwezekani, na inafaa tuseme kwa nini. Tanzania ina geji tatu. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya reli na reli, TAZARA ina milimita 1,067, na SGR ina milimita 1,435. Tofauti kati ya reli yetu na TAZARA haizidi upana wa vidole vinne, lakini vidole hivyo vinne vimezuia behewa la Kigoma lisikanyage Mbeya tangu TAZARA ilipojengwa miaka ya sabini. Behewa la SGR, lenye mwili mpana na zito, liko mbali zaidi. Kwa hiyo reli ya zamani haina wa kumrithi. Isiponunuliwa mabehewa yake yenyewe, haitapata mabehewa.

Tukikubaliana kwamba mabehewa mapya yanahitajika, swali linalofuata ni mabehewa ya namna gani, na hapa naomba wasomaji wanivumilie kidogo, maana ndipo makosa hufanyika. Mnunuzi anayekaa ofisini huangalia picha za kiwanda: viti vya kitambaa cha buluu, vioo vikubwa visivyofunguka, kiyoyozi, runinga. Namwomba kwanza akasimame Nguruka au Usinge usiku wa manane treni ya Kigoma inapoingia. Sehemu kubwa ya treni huwa imesimama nje ya jukwaa, kwenye kokoto, na ngazi ya kwanza iko usawa wa kiuno cha mtu mfupi. Mama mwenye mtoto mgongoni hupandisha ndoo kwanza, kisha kikapu, kisha mtoto mkubwa, ndipo anyooshe mkono avutwe na mtu aliye juu, ambaye aghalabu hamjui. Dirisha la pili kuna kijana anateremsha baiskeli kwa mwenzake. Dirisha la tatu kuna biashara ya asali katika chupa za maji, fedha zinashuka na chupa zinapanda, na chenji hurudi treni ikiwa imeshaanza kutambaa. Anayetoka Kigoma ana madumu ya mawese na vikapu vya dagaa na migebuka; anayepandia Uvinza ana chumvi.

Abiria wa namna hiyo anahitaji ngazi inayokunjuka hadi chini na mlango mpana wa kumpitisha mtu na mzigo wake, au mtu mwenye kiti cha magurudumu. Anahitaji behewa la vifurushi lililofungwa kwenye treni ya abiria, lenye sakafu ya kuoshwa, ili mawese na samaki visilazimike kukaa chini ya miguu ya watu. Vyoo viwe na matangi ya kuhifadhia uchafu badala ya tundu linalomwaga juu ya mataruma, jambo ambalo ni karaha kwa wanaoishi kando ya njia na ni adhabu kwa mafundi wanaofanya kazi chini ya behewa; na nimekwisha kueleza kutu huanzia wapi. Matangi ya maji yawe makubwa ya kutosha kutoka Tabora hadi Kigoma. Taa ziwake treni ikiwa imesimama kwa saa nyingi ikisubiri kupishana. Kuhusu madirisha nina msimamo ambao najua wengi hawataupenda: daraja la tatu lisiwe na vioo vya kufungwa moja kwa moja. Kiyoyozi ni kitu kizuri kikifanya kazi, lakini kikikataa mchana katikati ya pori la Itigi, behewa lisilofunguka madirisha hugeuka tanuri lenye watu 80. Dirisha la kufunguka na feni ya dari havitapendeza katika picha ya uzinduzi, ila vitamfikisha mtu Kigoma akiwa mzima. Daraja la kwanza wawekeeni kiyoyozi wapendavyo.

Usalama nao una hoja yake. Wengi wetu hatujaisahau Juni 24, 2002, pale treni ya abiria iliporudi nyuma kwenye mwinuko kati ya Igandu na Msagali mkoani Dodoma na kugongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Sitaki kuligeuza kaburi la watu hao kuwa jukwaa la barua yangu; chanzo cha ajali ile kilikuwa na mambo yake, yakiwemo ya breki. Nasema tu kwamba mabehewa yanayotengenezwa sasa hufungwa breki za hewa ambazo hujikaza zenyewe bomba likikatika au behewa likichomoka, na miisho yake husanifiwa ili behewa moja lisipande juu ya jingine treni zinapogongana. Behewa la zamani linaweza kufungwa breki mpya. Mwili wake, hata ukipakwa rangi mara kumi, hauwezi kufundishwa tabia hiyo ya pili.

Niseme sasa juu ya namna tulivyokuwa tukinunua, maana hatuanzi leo. Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, na sehemu ya vichwa na mabehewa ikaletwa kwa kukodi kutoka huko; ubia ukavunjika na serikali ikairudisha reli mikononi mwake mwaka 2011. Baadaye yakaletwa mabehewa mapya 22 ya abiria kutoka Korea Kusini, na Aprili 2015 ikazinduliwa treni iliyoitwa Deluxe. Yalikuwa mabehewa mazuri. Kasoro yao ilikuwa idadi. Hebu tupige hesabu ya fundi. Treni ya Kigoma ina mabehewa kama 15. Kwenda hula karibu siku mbili, kurudi karibu siku mbili, na siku moja ya kuosha, kukagua na kutengeneza; seti moja basi huzunguka kwa siku tano. Ukitaka safari tatu kwa juma unahitaji seti tatu, yaani mabehewa 45, na akiba ya angalau mabehewa saba yanayopokezana kuingia karakana. Hayo ni 52 kwa Kigoma peke yake. Weka Mwanza, weka Mpanda, weka Arusha, unakaribia 100. Ukinunua 22 unapata treni moja nzuri ya kupigia picha na akiba kidogo, na kwa kuwa hayafanani na yaliyotangulia, umeongeza aina moja zaidi ya vipuri katika ghala ambalo tayari lina aina nyingi kupita kiasi. Kununua kidogo-kidogo, kila mara kwa mtengenezaji tofauti, ndiko kulikotufikisha hapa.

Mitumba je? Wenzetu wa Kenya mwaka 2020 walileta treni za dizeli zinazojiendesha zenyewe bila kichwa, zilizokuwa zikitumika katika kisiwa cha Mallorca nchini Hispania, wakaziweka kwenye njia za mjini Nairobi. Thailand nayo ilipokea mabehewa ya namna hiyo kutoka Hokkaido, Japani, Desemba 2021, ikayabadilisha magurudumu kutoka milimita 1,067 hadi 1,000 katika karakana zake. Sisemi ni dhambi. Kwa safari fupi za mjini, pale ambapo treni hulala karibu na karakana kila usiku, mtumba uliotunzwa unaweza kutoa miaka kumi au kumi na tano ya kazi. Kwa safari ya kilomita 1,250 hadi Kigoma, ambako treni ikiharibika Malagarasi fundi wa karibu yuko Tabora, mtumba ni kununua uzee wa mtu mwingine. Jambo ambalo ningependa tuige kwa Kenya ni aina ya treni, si umri wake. Treni mpya ya dizeli ya mabehewa matatu, inayokwenda Tabora hadi Mpanda na kurudi bila kungoja treni ya Dar es Salaam ikatwe, ingebadilisha maisha ya tawi lile kuliko jambo lolote ninaloweza kulifikiria.

Kuna kisa cha Hispania ambacho kila mjumbe wa bodi ya zabuni angepaswa kukijua, na kinatuhusu kwa karibu kwa sababu ni cha reli ya geji ya mita kama yetu. Mwaka 2020 shirika la reli la Renfe liliagiza treni 31 mpya kwa kiwanda cha CAF, kwa euro milioni 258, zichukue nafasi ya treni zilizozeeka katika mikoa ya Asturias na Cantabria huko kaskazini. Njia zile zilijengwa karne ya 19 na mahandaki yake hayana kipimo kimoja. Mengine ni membamba kuliko mengine. Vipimo vilivyoandikwa kwenye zabuni havikulingana na mahandaki yenyewe. Kiwanda ndicho kilichogundua, kabla treni hazijaundwa, kwamba treni zingetoka kiwandani zikiwa kubwa mno kupita katika baadhi ya mahandaki hayo. Habari hiyo ilipolipuka hadharani mapema mwaka 2023, rais wa Renfe, Isaías Táboas, na Isabel Pardo de Vera, aliyekuwa kiongozi wa pili katika wizara ya uchukuzi, wote wawili walijiuzulu. Vipimo vikaanza kuchukuliwa upya, treni zikasogezwa mbele kwa miaka, na serikali ikakubali wananchi wa mikoa ile wasafiri bure katika treni za safari fupi wakati wakisubiri. Hispania ni nchi yenye wahandisi wa reli wa kupigiwa mfano, na yenye treni za kilomita 300 kwa saa. Kosa lao lilikuwa kuamini karatasi ya zamani badala ya kwenda kupima.

Sisi karatasi zetu zina umri gani? Njia yetu imejazwa kokoto mara nyingi, na kila kokoto zinapoongezwa reli hupanda, na reli ikipanda nafasi chini ya mapaa ya majukwaa na chini ya vivuko vya juu hupungua. Kati ya Kilosa na Gulwe mafuriko yameibomoa njia na ikajengwa upya kiasi kwamba mchoro wa wakati wa ukoloni hauwezi kuaminiwa hata kidogo. Kipande cha Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, kilikarabatiwa katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2014, madaraja yakaimarishwa. Tabora hadi Kigoma na Kaliua hadi Mpanda havikuwamo. Behewa litakalonunuliwa ni lazima lipite kote huko, si kwenye kipande kizuri pekee.

Mtu asinidanganye kwamba geji ya mita ndiyo sababu ya uzembe wa mwendo, wala kwamba hakuna tena anayetengeneza mabehewa yake. Nchini Malaysia treni za umeme za geji hiihii hukimbia kilomita 140 kwa saa. Thailand, ambayo reli yake ni ya mita kama yetu, iliagiza mabehewa 115 mapya ya kulala na ya kukaa kutoka China, yakaanza kazi mwaka 2016, kwa takriban baht bilioni 4.6, ambazo hazifiki dola milioni 150. Linganisha na dola bilioni 2.2 za kipande cha SGR cha Tabora hadi Kigoma. Bei zimepanda tangu wakati huo na sisi si Thailand, lakini hata ukizidisha mara mbili, gharama ya kuiweka reli nzima ya zamani katika mabehewa mapya ni sehemu ndogo ya kipande kimoja cha reli mpya, na mabehewa hayo yataanza kazi miaka mingi kabla kipande hicho hakijazinduliwa. SGR ikishafika, hayo hayo yatakuwa ndiyo yanayomkusanya abiria wa Usoke na wa Uvinza na kumpeleka kwenye stesheni kubwa.

Mkataba wowote utakaofanywa uwe na vipuri vya miaka kumi ndani yake, vikiwemo magurudumu na beringi, na uwe na vifaa vya karakana za Dar es Salaam, Morogoro na Tabora pamoja na mafunzo ya vijana wetu kiwandani, si ya maofisa waliobakiza mwaka mmoja kustaafu. Nasema hivi nikijua kwamba safari za mafunzo nje ya nchi zina wenyewe. Mabehewa ya mwisho katika agizo yangeweza kuja vipande-vipande yakaunganishiwa Morogoro. Nchi iliyounganisha basi inaweza kuunganisha behewa.

Ninachoomba kwa wabunge wa Tabora, Katavi na Kigoma, katika Bunge la bajeti lijalo, ni kumwuliza Waziri wa Uchukuzi mambo mawili: mabehewa mangapi ya abiria ya geji ya mita yako tayari kwa safari leo, yakitajwa kwa mwaka wa kutengenezwa, na fedha za kuyabadilisha zimetengwa katika mwaka gani. Ninachoomba kwa Shirika la Reli ni kidogo zaidi. Zamani, kabla ya kuruhusu mzigo mkubwa upite, tulikuwa tukitengeneza fremu ya mbao yenye umbo la mzigo huo, tukaisimamisha juu ya behewa bapa, na kuisukuma polepole njia nzima huku watu wawili wakitazama kila ukingo wa daraja, kila nguzo na kila paa la stesheni, na kuandika kila mahali mbao zilipogusa. Fremu ya namna hiyo, yenye umbo la behewa tunalolitaka, pamoja na vifaa vya kisasa vya kupimia kwa miale vikipatikana, inaweza kusafirishwa kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na kuingia Mpanda kwa siku chache, ikihitaji kichwa kimoja, behewa bapa moja na watu sita. Safari hiyo haihitaji mkopo wala zabuni, na inaweza kuondoka mwezi huu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mstaafu wa mabehewa,
Tabora